Pambano hutengenezwa na wasiopigana

Mtu akiniambia ameandaa pambano la uwanjani, simuulizi nani anapigana. Namuuliza nani amelipa, nani anaamua na nani amekaa jukwaani. Ni mazoea ya kazi. Nimekuwa mwamuzi wa ngumi za ridhaa hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwenye kumbi na viwanja ambako ulingo hufungwa asubuhi na kung'olewa usiku uleule, na najua kwamba mabondia wawili walewale hutoa mapambano mawili tofauti kabisa kutegemea waliowazunguka. Ndiyo maana nina ugomvi, wa kirafiki lakini ugomvi, na vijana wanaoendesha michezo ya mezani ya hadithi za kubuni. Viwanja vyao vya magladieta vina simba, majini na mijitu yenye vichwa viwili. Havina mwamuzi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake: huyu mchawi, yule mwizi, mwingine shujaa wa upanga. Mmoja ni mwendesha mchezo. Yeye ndiye msimulizi, ndiye maadui wote, na ndiye anayesema kilichotokea baada ya dadu kurushwa. Dadu kuu ina nyuso 20. Wahusika huzama mapangoni, huvuka majangwa, hujadiliana na wafalme, na hazipiti siku nyingi kabla hawajakamatwa na kusukumwa kwenye mchanga mbele ya umati. Uwanja wa magladieta unapendwa kiasi kwamba mwaka 1991 ilitolewa dunia nzima ya jangwa, Dark Sun, ambamo damu ya uwanjani ni burudani ya mijini.

Mimi niliingizwa na wapwa zangu. Nilikuwa nakaa pembeni na chai yangu nikiwasikiliza, mpaka siku walipofika kwenye pambano lao kubwa la uwanjani. Geti likafunguliwa, akatoka mnyama, dadu zikarushwa, mnyama akafa. Wote wakabaki wanatazamana. Mwendesha mchezo, kijana mwerevu wa chuo, akasema labda mnyama alihitaji pointi nyingi zaidi za uhai.

Hapana. Tatizo lilikuwa hesabu, na pointi haziitibu. Kwa kanuni za mchezo huu, raundi moja ni sekunde 6. Pambano la raundi tano ni nusu dakika. Sasa fikiria umati ulioamka alfajiri, ukafunga chakula, ukapanda ngazi za mawe na kugombea nafasi, halafu burudani ikaisha kabla mtu hajamenya chungwa. Tena wachezaji watano wakimkabili mnyama mmoja, wao wanapata zamu tano kila yeye anapopata moja. Atapigwa tu. Ukimwongezea uhai, unarefusha kipigo, hujatengeneza pambano.

Warumi hawakufanya hivyo, na wao ndio wenye mali. Siku ya michezo ilikuwa na ratiba: asubuhi uwindaji wa wanyama, adhuhuri kuuawa kwa waliohukumiwa, alasiri magladieta. Na magladieta hawakutupwa uwanjani ovyo. Walipangwa wawili wawili, kwa mitindo iliyochaguliwa ili kila mmoja awe na kile ambacho mwenzake hana.

Chukua jozi moja tu, mtu wa wavu na mkimbizaji wake, ambao Warumi waliwaita retiarius na secutor. Mtu wa wavu alikuwa na wavu wenye vipande vya risasi pembeni, mkuki wa meno matatu na kisu. Hakuwa na ngao wala kofia. Kinga yake ilikuwa ya mkono na bega la kushoto tu. Mkimbizaji alibeba ngao kubwa na upanga mfupi, na kichwa chake kilizibwa na kofia ya chuma laini kama yai, isiyo na ncha wala ukingo wa kunasa wavu, yenye matundu mawili madogo ya macho ili meno ya mkuki yasipenye. Kofia ileile iliyomwokoa ndiyo iliyomnyima upeo wa macho na hewa. Kwa hiyo pambano lilikuwa na saa ndani yake. Mkimbizaji alitaka amalize upesi kabla ya pumzi kumwishia, na mwenzake alitaka kukimbia mpaka pumzi hiyo iishe. Hakuna aliyehitaji kichwa cha pili wala moto mdomoni. Kasoro mbili zilizopangwa vizuri zilitosha.

Sasa nije kwa mtu wangu. Kwenye mosaiki nyingi za Kirumi, pembeni ya wapiganaji utamwona mtu amevaa kanzu nyeupe yenye mistari, ameshika fimbo ndefu. Huyo ndiye mwamuzi, summa rudis, na mara nyingi alikuwa na msaidizi. Alisimamisha, alitenganisha, na mtu alipoinua kidole kuomba asamehewe, mwamuzi ndiye aliyemzuia mshindi mkono. Filamu humsahau, na wachezaji wa mezani nao humsahau kwa sababu wamejifunza uwanja kwenye filamu.

Lakini kuna jiwe la kaburi la gladieta aitwaye Diodorus, kutoka mji wa Amisus kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ambalo kila mwamuzi wa ngumi angepaswa kulijua. Limechongwa mtu aliyesimama na panga mbili juu ya mpinzani aliyeanguka. Maandishi yake yanaeleza kwamba Diodorus alimwangusha Demetrius, hakummaliza papo hapo, kisha akafa mwenyewe, na anayelaumiwa pamoja na majaaliwa ni mwamuzi mwenye hila. Wanaolichunguza jiwe hilo wanaisoma picha hivi: huenda mwamuzi alihesabu kuwa Demetrius ameteleza tu, akamwacha ainuke na silaha yake, na pambano likaendelea. Karibu miaka elfu mbili imepita na malalamiko bado yapo kwenye jiwe. Nimesikia maneno kama hayo kutoka kona zote mbili za ulingo, usiku mmoja.

Mwendesha mchezo akimwandika mwamuzi huyo kwa mistari mitatu, uwanja unabadilika. Ana jicho zuri au bovu? Ana deni kwa nani? Anasimama upande gani wa mchanga, na ni kitu gani hawezi kukiona akiwa pale? Hapo mwizi wa kundi, ambaye mbele ya simba hana kazi, anapata kazi: siku moja kabla ya pambano anamtafuta mwamuzi kilabuni. Mwenye maneno matamu naye anapata kazi. Pambano limeanza na bado hakuna aliyechomoa upanga.

Baada ya mwamuzi, jukwaa. Tunisia, mjini Sousse, kuna jumba la makumbusho lenye mosaiki ya karne ya 3 iliyochimbwa Smirat. Inaonyesha wawindaji wa uwanjani wanne wakiua chui wanne, na chui hao wana majina yao yaliyoandikwa: Victor, Crispinus, Romanus, Luxurius. Katikati amesimama kijana na sinia lenye mifuko minne ya fedha. Maandishi yanasimulia kilichotokea: mpiga mbiu aliomba wawindaji walipwe denari 500 kwa kila chui, na umati ukapaza sauti kumwita tajiri mmoja, Magerius, alipe. Magerius akatoa 1,000 kwa kila chui, mara mbili ya kilichoombwa, kisha akalipia na mosaiki ili asisahaulike. Ukiitazama vizuri utagundua kwamba shujaa wa picha ile ni mwenye pochi. Wawindaji ni vibarua, na chui ni gharama.

Hilo ndilo somo la bure kwa waandaaji. Umati una mdomo, mfadhili ana sifa ya kulinda, na mpiganaji yuko katikati. Hata mnyama akipewa jina anaacha kuwa rundo la pointi. Mtoto aliyemuua "chui" hakumbuki. Aliyemuua Crispinus, kipenzi cha jukwaa la mashariki, anajua kwamba wapo watu wanaomngojea nje.

Na jukwaa likiachwa bila kutazamwa linaweza kulizidi pambano lenyewe. Mwaka 59 huko Pompeii, wenyeji na wageni wao kutoka Nuceria walianza kwa matusi, wakafuatia mawe, mwisho silaha. Watu walikufa, na Seneti ikaufungia mji huo mikusanyiko ya aina hiyo kwa miaka kumi. Anayetafuta adui wa kutisha kwa ajili ya mchezo wake aanze na mashabiki wa pande mbili na ukuta mfupi kati yao. Sisi wa nchi ya Simba na Yanga hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mpiganaji mzuri naye anajua kuzungumza na jukwaa. Bondia wetu Karim Mandonga hakujulikana Afrika Mashariki kwa rekodi ya ushindi. Alijulikana kwa mdomo, na kwa kuipa ngumi yake jina, Sugunyo, kabla haijamgusa mtu. Wapo mabondia wenye ufundi kuliko yeye ambao hawajawahi kujaza ukumbi. Kanuni za mezani zinampa mchezaji namba za nguvu, wepesi na akili. Kanuni nzuri ya uwanjani inapaswa kumpa sababu ya kutaja jina la ngumi yake.

Inabaki kifo, na hapa ndipo waandaaji wengi wanapokosea njia. Wanaamini uwanja bila maiti ni uongo. Mwanasheria Mrumi Gaius, wa karne ya 2, akifafanua tofauti ya kuuza na kukodisha, alitoa mfano wa mkataba wa magladieta: atakayetoka mzima alipiwe denari 20, atakayeuawa au kulemaa alipiwe 1,000. Mara hamsini! Kwa bei hiyo, aliyekodi alikuwa na sababu nzito ya kutaka wapiganaji wabaki hai. Kaburi la Flamma, mkimbizaji aliyezaliwa Siria na kuzikwa Sicilia, linataja hesabu yake: aliishi miaka 30, alipigana mara 34, alishinda 21, sare 9, na mara 4 alishindwa akasamehewa. Na pambano pekee la magladieta ambalo maelezo yake ya kina yametufikia, lile la Priscus na Verus kwenye michezo ya Mfalme Tito, lilimalizika kwa wote wawili kukubali kushindwa kwa pamoja na wote wawili kutuzwa upanga wa mbao, alama ya kuachiwa huru.

Kushindwa bila kufa ni zawadi kwa mwandishi wa hadithi. Aliyekufa amemaliza. Aliyesamehewa ana deni, ana kovu, ana mtu wa kumtafuta. Na kanuni za sasa za Dungeons & Dragons zinaruhusu: anayempiga mtu kwa silaha ya mkononi pigo ambalo lingefikisha uhai wake sifuri anaweza kuchagua kumzimisha tu badala ya kumuua. Wengi hawaitumii kwa sababu hakuna mtu uwanjani anayewauliza.

Basi wapwa wakasema, mjomba, kama unajua sana, andaa wewe. Nikaandaa.

Niliweka bakuli katikati ya meza na kete za bao ndani yake. Hizo zilikuwa jukwaa. Mchezaji akifanya jambo la kutazamika, nilitia kete. Akirudia lile alilofanya raundi iliyopita, au akikimbia bila kugusana na mpinzani, nilitoa. Bakuli likijaa, mfadhili analazimika kujibu umati: atupe silaha, afungue geti, ampe mtu jina. Bakuli likiwa tupu, mwamuzi anawasogeza kwa fimbo, na aliyekuwa mbali anajikuta karibu kwa lazima.

Mpwa wangu wa kike, ambaye mhusika wake ni mwizi mwepesi asiye na ngao, nilimpa wavu na mkuki. Nikamletea mkimbizaji mwenye kofia. Niliandika kanuni mbili tu: anayempita ubavuni anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, kwa kuwa yule haoni pembeni; na kila raundi anayokimbiza, mkimbizaji apime pumzi, kila mara ikiwa ngumu zaidi.

Raundi ya kwanza akakimbia. Nikatoa kete. Ya pili akakimbia. Nikatoa nyingine.

"Piga sasa!" kaka yake akamfokea.

"Nikipiga sasa nakufa. Mjomba, huyu mbona hachoki?"

"Anachoka. Msikilize anavyohema."

"Na hao wanaozomea?"

"Hao hawachoki."

Akatazama bakuli, akanitazama, akatazama bakuli tena. Kisha akafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi yake: akasimamisha mhusika wake mita chache mbele ya mkimbizaji, akautandaza wavu chini kama mkeka, akamwashiria aje apumzike. Meza nzima ikacheka, na mimi nikatia kete mbili, maana jukwaa lolote duniani lingecheka. Alikuwa amegundua peke yake kwamba usalama wake unamvutia nyuma na umati unamvutia mbele, na kwamba kazi yake ni kuishi katikati. Mnyama wa vichwa viwili hajawahi kumfundisha mtu hivyo.

Alimnasa mwishowe. Mkimbizaji akaanguka, akainua kidole. Mwamuzi akamshika binti mkono. Na hapo nikawageukia wengine, wale ambao wahusika wao hawakuwa uwanjani, nikawaambia: ninyi ndio jukwaa. Asamehewe au afe? Walibishana kwa muda mrefu kuliko pambano lenyewe. Kaka mtu alitaka damu, kwani mkimbizaji huyo alimlemaza rafiki yao katika kikao cha nyuma. Mwingine akasema alitumwa, hakuwa na uchaguzi. Kura zikafungana. Nikavaa sauti ya mfadhili, nikamwita karani aniletee hesabu: hai, 20, maiti, 1,000. Mfadhili akasamehe.

"Kwa hiyo," mpwa wangu akasema polepole, "amepona kwa sababu ya bili?"

Ndiyo, mama. Kwa sababu ya bili.

Swali hilo ndilo jibu langu kwa wazee wenzangu wanaouita mchezo huu ushetani au shule ya ukatili. Pingamizi lao si la kubezwa. Waliopigana Roma wengi walikuwa watumwa, mateka au wahalifu, na mwanafalsafa wao Seneca aliandika enzi hizohizo kwamba alirudi kutoka kwenye mauaji ya adhuhuri akiwa mkatili zaidi kuliko alivyokwenda. Sisi wa pwani, ambao soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuna ruhusa ya kumfanya mtumwa pambo la hadithi. Lakini angalia uwanja upi unaofanya hivyo. Ni ule wa geti, mnyama na dadu, ambamo anayeuawa hana jina, hana mwenye kumiliki, na hakuna anayefaidika. Ukirudisha mwenye pochi, karani, mwamuzi na wanaozomea, utumwa unaonekana, na mtoto anauona kwa kuuliza mwenyewe. Akitaka kuuvunja, historia imemwekea njia: mwaka 73 kabla ya Kristo, Spartacus na wenzake takriban 70 walitoroka chuo cha magladieta cha Capua wakiwa na visu na mishikaki ya jikoni. Mwandaaji mzuri ajue jiko liko wapi.

Wapo watakaosema haya yote ni mzigo, kwamba vijana wanataka kurusha dadu na kupiga kitu. Ninachodai si kitabu kipya cha kanuni. Bakuli, kete, mwamuzi wa mistari mitatu na bei mbili vinaenea kwenye upande mmoja wa karatasi ya daftari.

Na kabla hujawaita wachezaji, jaribu karatasi yako hivi: mfute adui. Kama kilichobaki ni mchanga na geti, hujaandika pambano bado. Kama kilichobaki kinatosha kumfanya mchezaji aulize nani amelipa na itakuwaje nikishindwa, mrudishe adui yeyote unayemtaka, hata mbuzi. Pambano litakuwepo.